Ukurasa wa Nyumba ya Tarrés

Siku tatu kabla ya wizi. Saa tano asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la samaki wa chumvi, Girona. Hakuna dirisha. Mabirika matatu ya mawe yamejaa maji, na ndani yake vipande vyeupe vya samaki vinatolewa chumvi. Uvundo wa kukata pumzi. Bru Estanyol alipapenda kwa sababu hiyo: mtu haji kuzurura mahali panaponuka hivyo.

Bru ndiye aliyekuwa kamanda. Miaka hamsini na minane, koti safi, sauti ya chini. Hajawahi kulala jela hata usiku mmoja, na hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili kumwogopa. Waliofanya kazi naye ndio waliolala.

Aliweka picha ya kitabu mezani.

"Habari za Galdric Asiye na Ngao. Kimechapwa Barcelona, mwaka elfu moja mia nne tisini na tatu. Shujaa juu ya farasi, joka, binti wa mfalme, upuuzi wote ule. Nakala nyingine ziliungua au zililiwa na panya. Imebaki moja. Iko kwenye mji wa Montgarrell, na hutolewa kwenye sanduku la chuma siku moja kwa mwaka."

"Siku ya Mtakatifu Jordi," alisema Oleguer.

"Msikieni mwenyeji."

Oleguer Tarrés alikuwa dereva. Miaka arobaini na sita, mabega mapana, maneno machache. Alifungwa miaka sita kwa kuendesha gari la watu waliovunja duka la sonara, na hakumtaja mtu. Alipotoka, Montgarrell hapakuwa na aliyemwajiri hata kukamua mbuzi. Bru alimtafuta kwa jina. Mtu aliyezoea kukwepwa akitafutwa hulewa, na Oleguer alikuwa amelewa bila kugusa chupa.

Wa tatu mezani alikuwa Fina Cabot, fundi wa kujalidi vitabu, vidole vyeusi kwa wino na gundi. Mbele yake palikuwa na kitabu cha bandia. Jalada la ngozi, kingo zimeliwa, hata vitundu vya wadudu vipo.

"Karatasi ni ya kale kweli," alisema. "Nimeikusanya kwenye vitabu vya ibada vilivyooza. Lakini nimechapa kurasa nne tu. Mbili za mbele, na mbili zitakazokuwa wazi chini ya kioo. Zilizobaki ni tupu."

"Wakifunua?" aliuliza Oleguer.

"Haya, mweleze Fina jinsi mambo yanavyokwenda kwenu," Bru alisema.

Oleguer alikuna shingo. "Kila nyumba ya zamani ina ukurasa wake. Asubuhi ya Jordi jina la nyumba linaitwa, mtu wa nyumba anapanda, anausoma mbele ya mji. Likiitwa mara tatu bila mtu, ukurasa unapewa nyumba nyingine. Umekwenda. Haurudi."

"Na asiyejua kusoma?"

"Anapoteza. Babu yangu alijifunza kusoma ukurasa mmoja tu maisha yake yote. Wa sitini na mbili. Ukimpa gazeti, alikuwa anafungia samaki."

Fina alicheka. Bru hakucheka.

"Usomaji unakwisha saa saba," alisema Bru. "Halafu mji unakula mpaka saa kumi. Tunabadilisha wakati wa chakula. Jioni watu wanapita kukitazama chini ya kioo, kinafungiwa, basi. Mwaka mzima kabla ya mtu kufunua. Ufunguo anao Lambert Pujades, mtunza nyaraka. Ndiye anayesimama na wasomaji kuwafunulia kurasa. Lambert ni wetu."

Oleguer alimjua Lambert. Walisoma darasa moja. Lambert alikuwa mtoto wa kunakili majibu ya wenzake kisha kuwasemea kwa mwalimu.

"Na wewe," Bru akaendelea, "asubuhi utakwenda kumsalimia mama yako. Uonekane."

"Nionekane? Kwa nini?"

"Mwenyeji akijificha, watu wanauliza. Akija na waridi, wanampa divai."

Maneno yalikuwa na akili. Ya Bru yalikuwa hivyo daima. Fina aliinuka, akaenda kunawa mikono kwenye birika la samaki, akakaa huko muda mrefu akiwapa mgongo.

* * *

Siku ya Jordi. Saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Waliingia na gari dogo la maua, ndoo kumi na nne za waridi nyuma. Siku hiyo kila mwanamume humpa mwanamke waridi, na kila mwanamke humpa mwanamume kitabu, kwa hiyo muuza maua haulizwi anatoka wapi. Waliegesha nyuma ya kanisa. Saa tano barabara za mji zingefungwa kwa meza za vitabu, na hakuna gari ambalo lingetoka tena hadi saa kumi.

Chini ya ndoo Oleguer aliona furushi la karatasi kuukuu, nene kama mto wa kulalia.

"Hili la nini?"

"Mabaki," alisema Fina.

"Umeyaleta huku kufanya nini?"

"Oleguer," alisema Bru, "nenda kwa mama."

Waridi jekundu lilikuwa limekwisha kwenye ndoo ya mbele. Alichomoa la njano, akapanda ngazi za mtaa wa juu.

Engràcia Tarrés alikuwa na miaka themanini na mmoja, mwili wa kijiti, nywele zimebanwa vizuri. Alikuwa ameshavaa gauni jeusi la kusomea. Alimpapasa mwanawe usoni kwa mikono yote miwili, kisha akampiga kofi la shavu.

"Miezi minne! Ulikuwa unanisubiri nife ndiyo uje na taji la maua?"

"Nimekuletea waridi, mama."

Alilipokea, akalinusa, akatabasamu. "Jekundu. Kama alivyokuwa akiniletea baba yako, Mungu amlaze."

Oleguer alilitazama lile waridi la njano. Akaitazama kahawa iliyomwagika kuzunguka kikombe, na kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi jikoni.

"Mama. Huoni."

"Naona vizuri."

"Waridi ni la njano."

Mwanamke yule alipapasa kiti nyuma yake. Kisha akakaa, akaliweka waridi mapajani.

"Miaka mitatu sasa," alisema. "Kwanza nuru ikawa na ukungu, halafu ukungu ukabaki peke yake. Usimwambie mtu. Asiyeona hasomi, na asiyesoma anapoteza. Ukurasa ninao kichwani wote, koma na nukta. Nauinamia, nasema. Nani atajua?"

"Na ulisomaje leo?"

"Sijasoma bado. Mwaka huu nimepewa heshima, mwanangu! Mimi ndiye mkubwa kwa umri. Nasoma wa mwisho, peke yangu, saa kumi na nusu, na redio ya mji inarusha. Lambert mwenyewe alikuja kuniambia, kakaa hapo hapo ulipokaa."

Oleguer alihesabu saa. Saa kumi na nusu. Wakati huo kitakachokuwa mezani ni cha Fina. Mama yake atapanda mbele ya mji mzima, na ukurasa wa sitini na mbili hautakuwa na hata herufi moja.

"Mama, mwaka huu usisome."

"Umeanza kunywa asubuhi?"

"Nakuomba. Jifanye unaumwa. Sema goti."

"Wakiita mara tatu nani ataitika? Wewe?" Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliuma. "Nyumba imeuza shamba, imeuza mizeituni, imekuona wewe ukitoka mahakamani na pingu. Ukurasa ndio uliobaki. Nikifa utakuwa wako. Siku utakapousoma pale juu, watanyamaza wakusikilize, wapende wasipende. Nataka hilo tu."

Oleguer alimbusu kwenye paji la uso. Akashuka kwenda kumngoja Lambert amalize na wasomaji.

* * *

Saa saba na robo mchana.

Alimkuta Lambert karibu na meza ya vitabu vya watoto, miwani mipya, skafu ya hariri. Alimsukumia kwenye kichochoro.

"Kwa nini umempeleka mama yangu jioni?"

"Shusha mkono, watu wanatazama. Siyo mimi, ni halmashauri. Walitaka mzee asome kwenye redio. Nikikataa nasema nini?"

"Kurasa ni tupu, Lambert!"

"Nani atakayeuona? Nasimama mimi peke yangu pale. Na yeye hawezi kuuona."

Oleguer alimwachia kola. "Nani amekwambia hawezi kuuona?"

"Miaka mitatu nasimama ubavuni mwake, ndugu yangu. Macho yake hayatembei kwenye mistari. Nimemsitiri, sijasema kwa mtu. Leo namsitiri tena. Atasema kwa moyo, nitafunga kitabu, watu watapiga makofi. Basi."

"Bru asijue kuhusu macho yake."

"Kwani mimi ni mtoto?"

Oleguer alishusha pumzi. Nami msimulizi nikifika hapa natamani kumzaba kibao. Alimjua Lambert tangu darasa la kwanza! Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na unyasi aliopewa ulikuwa na umbo zuri. Mama haoni, Lambert hasemi, hakuna wa tatu. Akiwaambia Bru na Fina, Bru atafanya nini na kikongwe anayesimama njiani? Alimjua Bru kiasi cha kutotaka jibu. Akanyamaza.

* * *

Saa nane na robo mchana.

Mji ulikuwa mezani. Meza moja ndefu kutoka ngazi za kanisa hadi kisimani, watu mia tatu, sungura aliyepikwa kwa konokono, mkate uliopakwa nyanya, divai ikizunguka. Walinzi wawili wa kitabu walikuwa wamehamishia viti vyao kwenye meza, migongo kwa mlango wa kanisa.

Bru na Fina walipita na makasha mawili ya waridi ya kupambia. Lambert alifungua chumba cha mavazi ya kanisa, akafungua kioo, akatoka. Jasho lilikuwa limelowesha skafu yake.

Fina alikishika kitabu cha kweli. Mikono yake ilikuwa imezoea vitabu miaka thelathini. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alikilaza ndani ya kasha, akafunika kwa waridi, akaweka cha kwake chini ya kioo.

Mlango ukafunguliwa.

Mlinzi. Jina lake Ponç, shavu jekundu, kitambaa shingoni, sahani mbili mkononi.

"Nyie wa maua! Mmekula?"

"Tunamalizia, bwana," alisema Bru. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti.

"Hakuna kumalizia. Siku ya Jordi mtu hafanyi kazi kwa tumbo tupu hapa, hata angekuwa Mfaransa. Kaeni."

"Tuna haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Barabara zimefungwa. Kaa, mzee. Na wewe mama, weka hilo kasha chini."

Fina aliweka kasha chini. Ponç alisimama mlangoni, mikono kiunoni, kuhakikisha wageni wanakula. Bru alitoa mkono kwenye koti pole pole. Akachukua kijiti. Akavuta konokono wa kwanza, akala. Wa pili. Nje watu walianza kuimba.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea sana," alisema Bru.

"Mke wangu kapika." Ponç akacheka, akakitazama kitabu chini ya kioo, akajishika kifua kwa heshima, akaenda zake.

Konokono mmoja alibaki kwenye kijiti cha Bru. Alimrudisha sahanini. "Ningemchinja," alisema, kwa sauti ile ile ya kusifia chumvi. Fina alilibeba kasha bila kumtazama.

* * *

Saa kumi na dakika kumi.

Kizuizi cha lango la chini kiliondolewa. Gari la maua lilitoka la tatu, nyuma ya trekta. Bru mbele na Oleguer, Fina nyuma kati ya ndoo. Askari wa barabarani alimpungia Oleguer mkono. Watu wengi walikuwa wamempungia siku hiyo. Kila mtu alikuwa amemwona.

Barabara ilipanda msituni, mialoni pande zote mbili, ukuta wa mawe upande wa bonde. Juu, kwenye tanuri la chokaa lililoachwa, gari la pili lilikuwa linangoja.

Saa kumi na dakika ishirini na nane Oleguer aliwasha redio.

"Zima," alisema Bru.

"Mama yangu anasoma."

Bru alimtazama muda. "Msikilize basi," alisema, na Oleguer akashangazwa na upole ule.

Jina la nyumba likaitwa. Mara moja tu. Mama aliitika kabla mwangwi haujakwisha. Viatu vyake kwenye ngazi za mbao. Kikohozi. Kisha sauti, nyembamba lakini imenyooka, ikisimulia jinsi Galdric alivyoitupa ngao yake mtoni ili ambebe mtoto wa adui yake. Oleguer aliujua ukurasa ule. Midomo yake ilikuwa inautembea pamoja naye bila yeye kujua. Imebaki mistari sita, aliwaza. Mitano. Lambert, funga kitabu. Minne.

"Simameni!"

Ilikuwa sauti ya Lambert.

"Jamani, simameni! Ukurasa huu ni mtupu! Kitabu chote ni kitupu! Tumeibiwa!"

Kelele. Kiti kilianguka. Kisha Lambert tena, karibu na kipaza sauti, akitamka wazi wazi kama aliyefanya mazoezi: "Mama Engràcia, ulikuwa unasoma nini? Umesimama mbele ya karatasi nyeupe ukasoma bila kushtuka! Ulijua! Na mwanao nimemwona asubuhi, yule aliyetoka jela! Wote mmemwona!"

Mguu wa Oleguer uliachia mafuta. Gari likapunguza mwendo.

"Endesha," alisema Bru. Bastola ilikuwa mapajani mwake, mdomo wake ukielekea mbavu za Oleguer.

"Nyie ndio mlimpeleka jioni."

"Endesha, mwenyeji."

"Mlijua haoni. Mlijua kabla yangu."

"Lambert alinieleza mwaka jana. Mwanamke haoni, mwanawe ni jambazi na dereva. Nilikutafuta mwezi mzima, Oleguer. Kitabu kikipotea bila mwizi kinatafutwa miaka ishirini. Mwizi akipatikana korongoni, gari limeungua, majivu ya karatasi kuukuu yamejaa nyuma, watu wanalia, wanazika, wanasahau. Nani anayetafuta majivu?"

Furushi nyuma. Nene kama mto wa kulalia.

"Uliniambia atafungwa kamba na kuachwa msituni!" Fina alikuwa amepiga magoti kati ya ndoo. "Uliniambia atasingiziwa tu! Bru!"

"Kaa chini."

Kwenye redio sauti nyingine ilikuwa imeingia, nzito, ya sajini wa polisi. "Mama, nani alikitoa kitabu?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu. Niliona karatasi ni tupu, sikushtuka kwa sababu niliziweka mwenyewe. Mwanangu hayumo. Mwandike vizuri hapo: hayumo."

Alikuwa amesikia mwanawe akitajwa, na papo hapo amejua kila kitu ambacho mwanawe hakumwambia. Kazi ya kina mama. Oleguer alitazama mbele. Mita mia moja kulikuwa na daraja la mawe, jembamba, nguzo ya kona upande wa kulia. Alilijua daraja lile tangu alipokuwa akilipita kwa baiskeli.

"Bru," alisema, "umefunga mkanda?"

Akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Bru alipiga risasi moja. Kisha nguzo iliingia kupitia mlango wa kulia, na sauti zikakatika, ya Bru na ya redio.

* * *

Saa kumi na dakika arobaini na tano.

Maji ya ndoo yalikuwa yakichuruzika chini ya milango. Waridi kila mahali. Bru alikuwa ameketi wima, mkanda umemshika, shingo imekaa vibaya. Hakuwa anapumua.

Oleguer aligusa ubavu wake wa kulia. Mkono ulirudi mwekundu hadi kwenye kifundo. Hakusikia maumivu bado. Alijua yanakuja.

Fina alitoka kwa mlango wa nyuma, paji limechanika, kasha mikononi. Alilifungua, akatazama ndani. Kitabu kilikuwa kizima.

"Sikujua," alisema. "Naapa sikujua atakuua."

"Ulijua kuhusu mama yangu."

Fina alifuta damu machoni.

"Ulijua, dada."

"Nilijua." Alikuwa analia. "Tanuri la chokaa si mbali. Gari liko pale, funguo ziko kwenye gurudumu. Twende wote. Nusu saa tuko mpakani. Utapata daktari upande wa pili."

Nusu saa. Oleguer aliwaza juu ya nusu saa. Aliwaza pia juu ya mwanamke wa miaka themanini na mmoja katika chumba cha mahabusu asichoweza kukiona, akipapasa kuta kutafuta kitanda. Jela alikuwa anaijua. Alijua harufu yake asubuhi. Aliogopa kurudi kuliko alivyoogopa kufa, na hapo barabarani, nasema bila kumwonea haya, alilia.

"Nipe kitabu," alisema.

Fina alimpa. Kisha akapanda barabara kwa miguu, akashika njia ya mialoni, na hatujamwona tena.

Mashine ya gari ilikubali mara ya tatu. Taa moja ilikuwa inaning'inia, mlango wa kulia umekunjwa ndani, na Bru ameketi pembeni kama abiria aliyelala. Oleguer aliligeuza gari kwenye daraja kwa mikato mitano. Akashuka mlima.

* * *

Saa kumi na moja na dakika kumi.

Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Meza za vitabu zimeachwa. Hakuna aliyekwenda nyumbani, kwa sababu mji ulikuwa umegawanyika: nusu walitaka Engràcia apelekwe sasa hivi, nusu walikuwa wamesimama mbele ya gari la polisi wakilizuia lisisogee. Yeye alikaa kwenye kiti jukwaani, mikono mapajani, kidevu juu. Sajini aliinama mbele yake. Lambert alisimama nyuma, akifuta miwani.

Wa mwisho kabisa kando ya uwanja walimwona kwanza. Wakanyamaza. Walio mbele yao wakageuka, nao wakanyamaza. Ukimya ukatembea hadi jukwaani, na watu wakaachana kutengeneza njia.

Oleguer alipita katikati. Kitabu kimebanwa kifuani kwa mikono miwili, shati halina tena rangi yake, kila hatua inaacha alama kwenye mawe. Ponç mlinzi alipeleka mkono kwenye kiuno chake, kisha akauacha hapo.

Alipanda ngazi tatu. Akasimama mbele ya mama yake, hatua moja. Jua lilikuwa mgongoni mwake, na kivuli chake kilimwangukia usoni.

Sajini alifungua mdomo. Oleguer akatikisa kichwa.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza Engràcia. "Niulizeni mlichokuwa mnauliza. Mwanangu? Nimeshawaambia. Alikuja asubuhi, akanisalimia, akaondoka. Sasa hivi ameshavuka mpaka. Yuko mbali, hamtampata, na hana kosa lolote."

Alisema hivyo akimtazama mwanawe machoni.

Kuna mwanamke karibu na kisima aliyeziba mdomo kwa mkono. Hakuna mwingine aliyetikisika. Mji mzima ulikuwa unatazama mama aliyemkosa mtoto wake kwa urefu wa mkono: asiyeona, asingejua karatasi ni tupu. Hapakuwa na haja ya wakili.

Sajini alisimama pole pole. Hakumtazama Oleguer. Alimtazama Lambert.

"Bwana Pujades," alisema. "Wewe umesimama ubavuni mwake miaka mingapi?"

Lambert alirudi nyuma hatua moja. Nyuma yake alikuwapo Ponç.

"Nani yuko mbele yangu?" aliuliza Engràcia ghafla. Alikuwa amesikia pumzi. "Sajini, ni wewe?"

Oleguer alitaka kuitika. Lilikuwa neno moja, la kwanza alilojifunza duniani. Lakini akilisema, mama yake atajua mara moja kuwa mji umegundua haoni, na kwamba mwanawe hajavuka mpaka wowote. Alikilaza kitabu kwenye meza ya kusomea taratibu, kisitoe sauti. Akaweka kidole midomoni, akiomba, kisha akanyoosha mikono yake miwili kwa sajini.

"Ni mimi, mama," alisema sajini, na sauti yake haikuwa nzito tena. "Endelea. Ulikuwa unaniambia kuhusu mwanao."

Engràcia alinyoosha gauni lake magotini, akaanza kusimulia mwanawe alivyokuwa mtoto mzuri. Sajini alimsikiliza, huku akimfunga Oleguer pingu kidogo kidogo, akiushika mnyororo kwa vidole ili usilie.